Land Rover 110, Mkonga au Samurai: lipi utaliweza ukilitengeneza uani kwako?

Shemeji yangu ana shamba nje kidogo ya Iringa, na masika barabara ya kwenda huko ni tope tupu. Amekusanya fedha za kununua gari kuukuu la kuhimili njia hiyo. Ameonyeshwa matatu: Land Rover 110 yenye injini ya 300Tdi, Land Cruiser mkonga yenye 1HZ, na Suzuki Samurai ya petroli. Yote yamevuka miaka 25. Aliponiuliza lipi halisumbui, nilimwambia gari la umri huo litasumbua tu, liwe la kampuni gani. Ajiulize jambo jingine: likisumbua, atajua lina nini? Na akishajua, ataliweza akiwa uani kwake na jeki, boksi la spana na kijana wa kumshikia tochi?

Land Rover nimeishi nayo miaka mingi. Mkonga nimeutunza wa mjomba wangu. Samurai ni ya jirani, na nimeifungua mara nyingi kuliko nilivyotarajia siku ya kwanza aliponiita. Nayapenda yote matatu, na kila moja limenilaza chini usiku kwa sababu zake.

Ninayoyapima

La kwanza ni dalili. Kuna gari linalolalamika wiki kadhaa kabla ya kuvunjika, na kuna gari linalonyamaza hadi siku ya msiba. Anayejitengenezea gari anahitaji lile la kulalamika, kwa sababu hana mashine ya kompyuta ya kumsomea hitilafu. Ana masikio, pua na vidole.

La pili ni mkono na uzito. Je, mkono unafika pale penye tatizo bila kufungua nusu ya gari, na kinachotoka kinabebeka na watu wawili? Hapa kila gari lina kazi moja itakayokushinda, na ni vizuri uijue kabla ya kununua, kwa sababu kazi hiyo ndiyo utakayomlipa fundi.

Kisha kuna uvujaji wa ekseli na gia, kutu, na upatikanaji wa spea. Mafuta nimeyaweka mwisho. Gari bovu halinywi mafuta, lakini halikupeleki shambani pia.

Vipimo vya kuanzia, kwa gari lolote kati ya haya

Usinunue spea kabla ya kupima. Nimewaona watu wakibadilisha pampu ya dizeli nzima kumbe tatizo ni hozi iliyopasuka kidogo na kuvuta hewa.

Anza na umeme. Kwa gari la volti 12, betri iliyopumzika usiku kucha isome karibu volti 12.6. Injini ikiunguruma, alteneta ipandishe hadi kati ya 13.8 na 14.4. Stata ikizunguka kwa uvivu wakati betri ni nzima, weka waya mmoja wa mita kwenye hasi ya betri na mwingine kwenye chuma cha injini, kisha mtu apige stata. Ukisoma zaidi ya nusu volti, waya wa ethi umechoka. Hiyo ni kazi ya dakika 20 na msasa, na imeokoa stata nyingi zilizokwisha kuhukumiwa.

Halafu maji. Injini ikiwa baridi kabisa, fungua mfuniko wa maji, washa, tazama. Mapovu yanayopanda bila kukoma, au hozi ya juu inayokuwa ngumu kama jiwe dakika moja baada ya kuwasha, ni pumzi ya silinda inayoingia kwenye maji: gasketi ya hedi, au hedi yenyewe imepasuka. Usifungue mfuniko huo injini ikiwa ya moto, hata kama una haraka kiasi gani. Mvuke wake unachubua uso.

Kwa dizeli, soma moshi. Mweusi ni mafuta mengi kuliko hewa, hivyo kagua kichujio cha hewa kwanza, nozeli (vinyunyizio vya dizeli) baadaye. Mweupe unaochoma macho asubuhi kisha ukaisha injini ikipata moto ni dizeli isiyoungua, na mara nyingi plagi za kupashia joto ndizo zimekufa. Mweupe usioisha huku maji yakipungua ni maji yanayoungua. Wa bluu ni oili.

Na sheria ya jeki haina mjadala: usiingie chini ya gari lililobebwa na jeki peke yake. Stendi za chuma au magogo mapana yaliyopangwa msalaba, magurudumu yaliyobaki chini yazibwe kwa mawe mbele na nyuma.

Injini

*300Tdi.* Injini hii ya silinda nne, sentimita za ujazo 2,495, iliingia kwenye Land Rover mwaka 1994. Ina turbo, lakini pampu yake ya dizeli ni ya kimakanika, na ndiyo sababu bado tunaipenda. Ikikataa kuwaka huku stata inazunguka vizuri, kuna mambo mawili tu ya kuuliza: dizeli inafika, na umeme unafika kwenye solenoidi ya kuzimia, ile swichi ya umeme ya kukata dizeli iliyo juu ya pampu? Gusa waya wa solenoidi ile kwenye terminali yake huku swichi imewashwa. Usiposikia "tik", fuata waya ule hadi kwenye fyuzi.

Ubaya wake mkubwa uko kwenye mkanda wa taimingi. Injini za mwanzo zilikuwa na tatizo la mkanda kutembea pembeni kwenye pulei na kujisaga, na kiwanda kikatoa vifaa vya kurekebisha. Ukikatika, valvu zinakutana na pistoni. Uzuri ni kwamba hata ugonjwa huu una dalili: chini ya kasha la mkanda kuna tundu lenye plagi ya kuzibia wakati wa kuvuka maji. Fungua plagi hiyo, ingiza kidole. Kikitoka na unga mweusi wa mpira, usisafiri. Mimi nilikuta unga huo Jumamosi moja asubuhi, siku mbili kabla ya safari ya Mbeya. Nikafungua kasha. Ukingo wa mkanda ulikuwa umeliwa kama kamba iliyosuguliwa kwenye jabali.

Kuubadilisha nyumbani kunawezekana, ila si kazi ya haraka. Mkanda unatoka kwenye krenki kwenda kemshafti na pampu ya dizeli, kwa hiyo pulei ya krenki lazima itoke, na bolti yake imekazwa vibaya sana. Kisha lazima ufunge krenki na pampu zisisogee. Tenga siku nzima, na badilisha kwa kilomita zisizozidi 60,000 kama gari linaishi kwenye vumbi.

Upande wa maji, 300Tdi haisamehi. Hedi yake ni ya alumini na ikichemsha inapinda. Lakini kabla hujailaumu gasketi ya hedi, tafuta uvujaji wa nje. Kuna gasketi ndogo yenye umbo la herufi P, mbele ya injini, nyuma ya bano linalobeba pampu ya maji na alteneta. Ikichoka, maji yanapungua taratibu na mtu anafungua hedi bure. Plagi za plastiki za juu ya rejeta na nyumba ya thermostati pia huchakaa; zinunue za shaba, ni vitu vya bei ndogo. Na hata ikibidi kufungua hedi, mtu mmoja mwenye nguvu anaibeba. Valvu zake zinarekebishwa kwa bisibisi, spana na fila geji ya milimita 0.20. Nimemfundisha kijana wa miaka 16 kazi hiyo, na akaiweza mara ya pili.

*1HZ.* Silinda sita, sentimita za ujazo 4,164, bila turbo, tangu 1990. Hii ni injini ya mtu mvumilivu. Haina nguvu za kujionyesha mlimani, lakini inaweza kufanya kazi ikiwa imechoka kwa kiwango ambacho injini nyingine zingekwisha kusimama. Uvumilivu huo ndio sifa yake, na kwa mtengenezaji wa nyumbani ndio hatari yake: inaficha ugonjwa. Mkonga wa mjomba ulitembea mwaka mzima nozeli mbili zikikojoa badala ya kunyunyiza. Dalili pekee ilikuwa moshi mweusi ambao kila mtu aliuzoea.

Mkanda wa taimingi hapa ni zawadi. Krenki inaendesha pampu ya dizeli kwa gia, na mkanda mfupi unatoka kwenye pampu kwenda juu kwenye kemshafti. Pulei ya krenki huigusi. Unafungua kifuniko cha juu, unalinganisha alama, unabadilisha mkanda na kikazio chake, na kabla ya chai ya saa nne umemaliza. Kwa kawaida ni kila kilomita 100,000, na kuna taa ya T-BELT kwenye dashibodi ya kukukumbusha. Usiitegemee kwenye gari la mtumba. Huwezi kujua nani aliizima, wala kama alibadilisha mkanda alipoizima.

Kichujio cha dizeli kina pampu ya mkono juu yake, kwa hiyo kutoa hewa baada ya kubadilisha kichujio ni kubonyeza tu hadi iwe ngumu. Ikishindwa kuwa ngumu, kuna mahali inavuta hewa. Funga kipande cha hozi inayoonyesha ndani kabla ya pampu na utaviona vipovu vikipita.

Panapokushinda ni hedi. Ni ndefu, nzito, inahitaji watu wawili na nafasi ya kusimama. Ikichemshwa hupasuka karibu na vyumba vidogo vya mwako, na ufa wenyewe huuoni kwa macho bila kupimwa kwenye karakana yenye mashine. Valvu nazo hurekebishwa kwa visahani vya unene tofauti: zile za kuingiza zinatakiwa kuwa na nafasi ya milimita 0.15 hadi 0.25, za kutolea 0.35 hadi 0.45. Kupima unaweza. Kupata visahani vyenye unene sahihi, na kifaa cha kuvitolea, ni kazi ya fundi. Bahati nzuri ni kazi ya nadra.

*Samurai.* SJ413, injini ya petroli ya sentimita za ujazo 1,324, tangu 1984. Nilidhani nitaidharau. Nilipoinamia chini ya boneti niliona ardhi pande zote za injini. Mkono unafika kila mahali. Ikimisi, una mambo ya kufuata kwa mpangilio: plagi, waya zake, kofia ya distribyuta, kisha kabureta. Ukichomoa waya wa plagi moja moja kwa koleo lenye mpini wa mpira, silinda ambayo injini haibadiliki mlio ukiichomoa ndiyo iliyolala.

Kabureta ndiyo itakayokuchosha. Petroli ya madumu ina uchafu na maji, matundu yanaziba, gari linavuta vizuri mjini na kufa mlimani. Kuisafisha ni kazi ya meza na saa mbili. Ila weka akilini kwamba hii ni petroli. Usifungue kabureta jikoni, usipime cheche karibu na hozi iliyo wazi, na toa waya hasi wa betri kwanza. Dizeli ya wale wawili haikimbilii moto hivi.

Injini yenyewe ni ya alumini, na watu wawili na gogo wanaitoa. Nimeshiriki kuitoa chini ya mwembe, kwa mnyororo, na tulipoipata juu ya meza ndipo nilipoelewa kwa nini watu wa Samurai hawaogopi neno "ovahoo".

Umeme

Hapa nitapita haraka kwa sababu yote matatu ni ya zama za waya na fyuzi. Land Rover husumbuliwa na ethi na viunganishi vyenye kutu kuliko kifaa chochote. Taa ikififia ukiwasha indiketa, usitafute balbu. Safisha mahali waya unapogusa bodi, hasa kwa kuwa bodi ni alumini na bolti ni chuma. Land Cruiser umeme wake ni mtulivu, lakini baadhi zilizotoka Japani zinatumia volti 24. Angalia kabla ya kununua stata, relei au hata balbu. Samurai ina waya chache kiasi kwamba mchoro wake mzima unaenea kwenye karatasi moja.

Ekseli, gia na uvujaji

Yote matatu yana ekseli nzima mbele, na mwishoni mwake tufe la chuma ambalo gurudumu hugeukia. Kwa hiyo yote yana ugonjwa mmoja wa uzee: sili zinachoka na tufe linalia machozi. Mpangilio wa kazi unafanana. Ondoa gurudumu, breki, habu, kisha tufe. Tofauti iko kwenye unachokikuta.

Kwenye Land Cruiser, sili ya ndani ikichoka oili ya difu inaingia kwenye grisi ya tufe na kuifanya uji. Ukifuta tufe na kuona uji mweusi mwembamba ukitiririka hadi kwenye tairi, ni wakati. Ni kazi chafu ya siku mbili, lakini ukishaifanya vizuri, ukabadilisha na beringi zake, unaisahau kwa miaka. Habu za mbele nyingi hufungwa kwa mkono. Zifunge na utembee nazo kidogo mara kwa mara kwenye njia ya udongo, zisije zikaganda. Usiweke gia ya nguvu mbele na nyuma kwenye lami kavu.

Kwenye Land Rover, tufe limepakwa kromi. Kromi ikibanduka, kutu inachimba vishimo na kila sili mpya unayoweka inachanika. Pitisha kucha juu yake kabla ya kununua sili. Kucha ikikwama, tufe lenyewe ndilo la kubadilisha. Tena magurudumu yote manne yanaendeshwa muda wote, maana yake propela zote mbili zinazunguka hata unapoenda sokoni. Ukisikia kishindo unapoachia klachi, usikimbilie gia boksi. Lala chini gari likiwa limezimwa na magurudumu yamezibwa, shika kila propela uizungushe kwa mkono. Krosi inayocheza utaiona. Krosi zikiwa nzima, fungua kifuniko cha nyuma cha transfa, boksi linalogawa nguvu mbele na nyuma, utazame gia ya kuingilia: unga mwekundu kama kutu pale inapokutana na shafti ni dalili kwamba meno yanaliwa kwa kukosa oili.

Samurai ina transfa iliyosimama peke yake, mbali na gia boksi, imeshikwa na raba. Mtu mmoja aliyelala chali anaweza kuishusha. Hili ni jambo kubwa kuliko linavyosikika. Fikiria klachi. Kwenye Land Rover na Land Cruiser, kubadilisha klachi kunamaanisha kurudisha nyuma gia boksi pamoja na transfa, chuma ambacho kikikuponyoka kinavunja mbavu. Ndiyo kazi iliyonishinda nyumbani kwa magari yote mawili. Nilijaribu mara moja kwa Land Rover yangu, na tuliposhindwa kuingiza shafti tukiwa tumebeba uzito wote kwa jeki mbili na kamba, nikasimamisha kazi na kuita gari la kuvuta. Kwa Samurai, mimi na jirani tuliimaliza Jumapili moja, tukala chakula cha mchana katikati.

Kutu

Beba nyundo ndogo na bisibisi. Gonga chasisi kutoka mbele hadi nyuma. Chuma kizima kinaita, kilichooza kinajibu kwa sauti ya kopo lenye mchanga.

Bodi ya Land Rover ni alumini na hudanganya: gari linang'aa juu huku chasisi chini inamomonyoka, hasa boriti ya nyuma kabisa na pembe za ukuta wa mbele karibu na miguu ya dereva. Lakini karibu kila kipande kinauzwa peke yake, hata chasisi nzima iliyopakwa zinki hutengenezwa Uingereza. Land Cruiser ina chasisi nene, ila kutu hupenda fremu ya kioo cha mbele, mifereji ya paa na nyuma karibu na vishikizo vya springi. Samurai ndiyo dhaifu kuliko zote hapa. Bati lake ni jembamba, sakafu na sehemu za kufungia bodi kwenye chasisi huliwa. Kuchomelea bati jembamba kunahitaji mkono mwepesi. Fundi aliyezoea mageti atalitoboa.

Kama unaishi Tanga, Mombasa, Unguja au popote pwani, ukipe kigezo hiki uzito kuliko injini. Injini unaweza kuitoa na kuirudisha. Chasisi iliyooza ndani haikupi nafasi hiyo.

Spea na mafuta

Toyota bado wanaitengeneza familia ya Land Cruiser 70, ukoo wa mkonga, iliyoanza 1984, na matokeo yake unayaona Kariakoo, Kirinyaga Road Nairobi na Kisekka Kampala: spea za mkonga zipo, mpya na za mtumba kutoka Sharjah na Dubai. Mji mdogo wowote wenye hospitali au mradi una mtu mwenye kichujio cha 1HZ. Tatizo ni feki, kwa sababu kinachouzika sana ndicho kinachoigwa sana. Niliwahi kununua sili za tufe zenye boksi zuri kabisa, zikavuja ndani ya mwezi mmoja. Siku hizi naenda na ile ya zamani mkononi, nazipinda zote mbili, nalinganisha ugumu wa mpira na springi ya ndani.

Land Rover hii ya zamani iliacha kutengenezwa Solihull Januari 2016, lakini viwanda vidogo vya Uingereza vinaendelea kutoa kila kitu, na Arusha bado kuna moyo wa Land Rover, kama ilivyoonekana kwenye tamasha lake la Oktoba 2024. Kenya nako yaliwahi kuunganishwa Thika, ndiyo maana wapo mafundi wazee wanaozijua kwa kuzishika. Ukiwa mbali na miji ya namna hiyo, agiza mapema na weka akiba ndani: mkanda, hozi za maji, krosi moja, sili.

Samurai ina mlango ambao wengi hawaujui. India waliitengeneza kwa jina la Maruti Gypsy tangu 1985 hadi mwishoni mwa miaka ya 2010, na spea nyingi za huko zinaingia. Mpe muuzaji majina yote mawili.

Mafuta hutegemea mguu na mzigo. Kwa hesabu za daftari langu, 300Tdi inanipa kilomita 10 kwa lita nikiwa mpole, mkonga kati ya 7 na 8, na Samurai ya jirani iko karibu na 10, ya petroli.

Lipi kwa nani

Kama gari litabeba mbolea, mahindi na watu, na fundi wa kuaminika yuko mbali, mkonga unakufaa, kwa sharti kwamba utaukagua wakati hausumbui. Weka tarehe: kila mwezi moshi, kila mwezi maji, kila miezi sita tufe na nozeli zikasikilizwe. Usisubiri ulalamike. Na ujiandae kwa bei ya kununua, maana mwenye nao hauachii kirahisi.

Kama unapenda kujifunza, una uani wenye kivuli na hutategemea gari hilo kila siku kwenda kazini, Land Rover itakufundisha ufundi kuliko chuo. Inakuonyesha kila kinachoiuma, na sehemu kubwa utaitibu kwa spana za kawaida. Usiichukue kama huwezi kuvumilia matone ya oili sakafuni, au kama unajijua huangalii maji kila asubuhi.

Kama fedha ni kidogo, mzigo ni mwepesi, na unataka kufanya karibu kila kazi mwenyewe hadi klachi, tafuta Samurai isiyo na kutu hata kama injini yake imechoka. Usifanye kinyume chake. Haimfai mwenye familia ya watu sita wala anayesafiri mbali kwenye lami, kwani upepo wa lori unaisukuma.

Kwa wa pwani, agiza lililoishi bara, liwe lipi kati ya matatu.

Shemeji bado hajaamua. Anaegemea Land Rover kwa sababu ya bei, nami namvutia kwenye mkonga kwa sababu ya shamba. Jumamosi tunakwenda kuyaona yote matatu. Tumebeba nyundo, bisibisi, mita, tochi na kitambaa cheupe cha kufutia matufe, na wauzaji tumewaomba jambo moja: wasiyawashe kabla hatujafika. Tukigusa boneti na kukuta ni ya moto, tutarudi Jumapili alfajiri.